Maswali na Majibu: Gharama za Uchapaji Ndani ya Ofisi ya Umma

Safari hii nimechagua maswali matano ya watumishi wa Mtwara na Lindi kuhusu kazi za uchapaji zinazofanyika ofisini mwao. Nimeyafupisha bila kuyabadili maana.

Rimu zetu hufungiwa kabatini na ufunguo anao mkuu wa kitengo, lakini kasma ya shajala (fungu la bajeti la vifaa vya kuandikia) huisha kabla ya Februari. Tunakosea wapi? (Mhasibu, Lindi)

Mnafunga kabati lisilostahili kufungwa. Fanyeni hesabu hii ya mfano, kisha muingize bei mnazonunulia nyinyi. Rimu ina karatasi 500. Ikipatikana kwa Sh 13,000, karatasi moja ni Sh 26. Tona, yaani wino wa unga, ya printa ndogo ya mezani inayouzwa Sh 180,000, na ambayo kasha lake linasema itatoa kurasa 2,500, inaufanya wino wa ukurasa mmoja kuwa Sh 72, karibu mara tatu ya karatasi inayolindwa kwa kufuli. Tena idadi hiyo ya kurasa hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 tu, yaani kiasi cha barua fupi. Mkichapa majedwali yenye vichwa vyeusi, au zile slaidi za semina zenye mandhari ya bluu nzito, ufunikaji ukafika asilimia 10, kurasa zitabaki kama 1,250 na wino utapanda hadi Sh 144. Mashine ya Sh 1,000,000 itakayochapa kurasa 100,000 kabla ya kuchoka inaongeza Sh 10 kwa kila ukurasa. Kwa hiyo kuchapa pande mbili, jambo tunalohimizwa kila mara, kunaokoa karatasi lakini hakuokoi hata tone la wino.

Hatua ya kwanza ni kusoma kaunta. Kila printa huhesabu kurasa zake, na takwimu hiyo hutoka kwenye ukurasa wa taarifa ya mashine. Itoeni kila Ijumaa, muiandike kwenye leja kando ya rimu zilizotoka stoo. Hatua ya pili ni kuziondoa kazi za nakala nyingi kwenye printa za mezani na kuzipeleka kwenye mashine kubwa ya pamoja, ambayo kwa kawaida wino wake ni nafuu zaidi kwa ukurasa. Wakubwa hawapendi kunyang'anywa printa iliyo pembeni ya kiti, nalijua hilo, lakini fedha inavujia hapo.

Tuna kijitabu cha kurasa 18 cha mkataba wa huduma kwa mteja. Tuchape wenyewe au tupeleke kwa mpigachapa? (Afisa Ununuzi, Mtwara)

Kwanza punguzeni kurasa mbili. Kijitabu kinachokunjwa na kupigwa pini katikati huenda kwa mafungu ya kurasa nne, hivyo kurasa 18 zitalipiwa kama 20, mbili zikiwa tupu.

Kikiwa na kurasa 16 za A5, kinatumia karatasi nne za A4 zilizochapwa pande mbili. Kwa viwango nilivyotaja hapo juu, karatasi ni Sh 104, na pande nane za karatasi hizo kwa Sh 82 (wino Sh 72 na mashine Sh 10) ni Sh 656, jumla Sh 760 kwa nakala. Tuseme mpigachapa anatoza Sh 600,000 za kuandaa pleti na mashine, halafu Sh 260 kwa kila nakala. Tofauti ni Sh 500, kwa hiyo gharama zinalingana kwenye nakala 1,200. Chini ya hapo chapeni wenyewe, juu ya hapo toeni kazi nje kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Kama mpigachapa yuko Dar es Salaam, usafirishaji wa zaidi ya kilomita 500 uingie kwenye hesabu kabla hamjalinganisha. Msiigawanye kazi moja katika maagizo madogo madogo ili kukwepa ushindani, kwani mkaguzi ataiona.

Watumishi huchapa kadi za michango ya harusi na ratiba za mazishi. Je, tuwatoze kidogo? (Katibu Muhtasari, Nachingwea)

Hapana. Fedha inayopokelewa mkononi kando ya mashine, bila kumbukumbu namba ya malipo, inazaa kosa la pili juu ya lile la kwanza la kutumia mashine ya ofisi kwa kazi binafsi. Wekeni namba ya siri kwa kila mtumiaji ili kaunta ionyeshe nani amechapa kurasa ngapi. Msiba unauma, lakini duka la steshenari halikosekani mjini.

Vipeperushi vyetu vya kupuliza salfa kwenye mikorosho huwafikia wakulima wakiwa wameshamaliza. Tufanyeje? (Afisa Ugani, Newala)

Hapa hasara ni ya kazi nzima. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, ilhali kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, huanza mikorosho inapotoa maua, katikati ya mwaka. Mkisubiri bajeti mpya, ununuzi ukamilike na mzigo ufike vijijini, maua yameshakuwa korosho. Kipeperushi cha salfa kipangwe kwenye bajeti ya mwaka unaoisha na kichapwe ifikapo Aprili. Cha madaraja ya ubora na stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza mazao yaliyowekwa ghalani) ndicho kitumie fedha mpya, kwa kuwa minada ya korosho huanza karibu Oktoba.

Sampuli ya kipeperushi, kabla ya kuchapwa chote, isomwe na watu wawili, mmoja akitamka namba kwa sauti. Niliwahi kusaini sampuli saa kumi na moja jioni, nikiwahi basi. Namba ya simu ilipungua tarakimu moja, tukashinda siku tatu tukibandika vikaratasi.

Karatasi hukwama sana miezi ya mvua. Fundi anasema mashine imechoka. (Mtunza stoo, Mtwara, Shangani)

Angalieni karatasi kabla ya kumlipa fundi. Unyevu wa bahari huingia kupitia kingo, karatasi ikawa na mawimbi, na roli zikavuta mbili kwa pamoja. Karatasi ya rimu hukingwa na kifungashio chake, hivyo ifunguliwe inapohitajika tu, isiwekwe juu ya sakafu ya saruji, na trei isiachwe imejaa Ijumaa jioni kiyoyozi kikizimwa. Jaribuni kwa rimu mpya iliyofunguliwa papo hapo. Ikipita karatasi mia bila kukwama, fundi asubiri.