Maswali na Majibu: Je, mita yangu inanitoza hewa?

Swali: Mhandisi, hujambo? Nina ploti ya vyumba vinane hapa Migosi, Kisumu, yenye mita moja na tangi la lita 5,000. Tulitangaziwa kwamba maji yatafungwa kwa sababu bomba kubwa linahamishwa kupisha barabara. Yakapotea siku kadhaa. Yaliporudi usiku, mifereji ilikohoa na kupiga mluzi, na mpangaji mmoja akaona mita ikizunguka mbio ilhali hakuna hata tone. Bili iliyotangulia ilikuwa yuniti 30, hii ni 41. Wapangaji wanasema tumeuziwa hewa. Fundi ananiambia ninunue valvu ya kuzuia hewa aifunge kabla ya mita. Ninunue? – Mama Ploti, Migosi

Jibu: Sijambo, Mama. Usinunue. Lakini wapangaji wako wasionekane wajinga, maana hewa huzungusha mita kweli. Mita nyingi za majumbani zina kigurudumu chenye mapezi ndani, na kinachokisukuma kikipita, kiwe maji au upepo, kinahesabiwa.

Hewa yenyewe huingia hivi. Kisumu ni mji wa mteremko, kutoka Riat na Kajulu hadi ziwani. Maji yakifungwa, yaliyobaki bombani hukimbilia mabondeni, na nafasi yake hujazwa na hewa inayovutwa kupitia mifereji iliyoachwa wazi na matangi ambayo boya limening'inia. Hali ni hiyohiyo stima ikipotea Dunga, kwenye mtambo wa kusafisha maji ya ziwa, kwa sababu maji ya ziwa lazima yasukumwe kwa pampu, tofauti na ya Kajulu ambayo hushuka yenyewe. Mvuto huo ukiwa mkali, mita isiyo na kizuizi cha kurudi nyuma huweza hata kuzunguka kinyume. Na kama kuna mpira ulioachwa ndani ya beseni la kufulia, maji ya sabuni nayo hunyonywa yakaingia bombani. Hilo linanikosesha usingizi kuliko bili yako, ukizingatia mji huu unavyoujua ugonjwa wa kipindupindu. Waambie wapangaji waitoe mipira kwenye beseni kila maji yanapopotea.

Sasa hesabu. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Nyongeza yako ya yuniti 11 ni mitungi 550. Bomba la barabarani lenye kipenyo cha milimita 100 hubeba takriban lita 7.9 kwa kila mita moja ya urefu, kwa hiyo kilomita nzima ikiwa tupu ina hewa isiyofika yuniti 8. Hewa hiyo hutoka kupitia kila nyumba iliyo kwenye laini, pamoja na valvu za kutolea hewa pale zilipowekwa na zinapofanya kazi. Ploti moja kuimeza yote, tena na zaidi, ni vigumu. Ningekuwa mwamuzi ningeipa hewa yuniti moja, mbili nikiwa na huruma.

Zilizobaki zimekwenda wapi? Tazama kwenye bili tarehe mita iliposomwa mara iliyotangulia. Kama ilisomwa siku ambayo maji yalikuwa yamefungwa na tangi limekauka, basi kulijaza upya kumekula yuniti 5 ambazo zote zimeangukia bili hii. Hamjaibiwa kitu hapo. Mlikunywa akiba ya zamani, mkainunua upya. Kama ilisomwa tangi likiwa limejaa, ifute hesabu hiyo.

Yuniti zinazobaki, mimi ningezitafuta kwenye boya la tangi. Maji yanaporudi baada ya kazi ya mabomba huja na mchanga na kutu. Chembe moja ikikaa kwenye mdomo wa valvu ya boya, haifungi sawasawa, na tangi hufurika polepole usiku kucha kupitia bomba la kumwagia ziada, ambalo kwenye ploti nyingi limeelekezwa nyuma ya ukuta asikoenda mtu. Mchirizi mwembamba wa lita 12 na nusu kwa saa haushtui mtu yeyote. Kwa siku ni lita 300, kwa siku 20 ni yuniti 6.

Kulipima hili hakuhitaji fundi. Usiku wapangaji wakishalala, hakikisha tangi limejaa na hakuna mfereji uliofunguliwa, kisha mulika mita kwa tochi ya simu. Utaona kinyota au pembetatu ndogo usoni pake. Kikizunguka, funga koki ya kuingizia maji kwenye tangi. Kikisimama, mwizi ni boya au uvujaji ulio baada ya tangi. Kikiendelea, kuna bomba linalovuja kati ya mita na tangi, pengine chini ya ardhi. Ukiwa umeifunga koki hiyo, weka alama ya chaki penye usawa wa maji tangini, urudi kabla ya watu kuamka. Yakiwa yameshuka, kagua vyoo vya kuvuta maji, maana washa zake huchakaa kimyakimya.

Kuhusu ile valvu: bomba lililo kabla ya mita si lako, ni la kampuni ya maji, na kulichezea kunaweza kukuletea kesi ya kuharibu bomba au kuiba maji. Fundi akikwambia basi aifunge baada ya mita, ujue nyingi ni springi tu inayofunguka kwa shinikizo, na hewa iliyoshinikizwa huifungua kama maji yanavyoifungua. Utakuwa umenunua kitu cha kupunguza nguvu ya maji yako.

Kinachosaidia ni koki ya kawaida iliyo baada ya mita. Tangazo likitoka, ifunge maji yanapopotea, na uandike tarakimu za mita, nyeusi na nyekundu. Yakirudi, subiri hadi majirani wapate maji yasiyokohoa, ndipo uifungue taratibu. Najua maana yake ni kwamba hewa inamwendea jirani. Ndiyo maana tangazo linalotaja saa ya kufunga bila kutaja saa ya kufungulia, mimi huliona nusu ya tangazo. Kazi ya kuitoa hewa kabla maji hayajafika majumbani ni ya wenye mtandao.

Ukishapima na kukosa uvujaji, peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni ya maji, ukiambatisha picha za mita zenye tarehe, na uombe mita ipimwe. Uliza kwanza ada ya kupima na nani ataibeba mita ikionekana nzima. Wasipokujibu, ngazi inayofuata ni WASREB, msimamizi wa huduma za maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Na hizo yuniti 11 usizigawe sawa kwa vyumba vinane kabla hujalitazama boya. Kama ni boya, hilo ni deni la mwenye ploti.