Ndugu akikamatwa na uhamiaji Uingereza: anarudishwa lini?

Swali hili halikauki kutoka nyumbani: fulani kashikwa na uhamiaji Uingereza, anarudishwa lini? Hakuna anayejua, hata afisa aliyemfungia. Sheria ya kule haina ukomo wa jumla wa siku za kumweka mtu mzima kizuizini. Mjamzito ana saa 72, na waziri akiidhinisha zinafika wiki moja. Wengine wote, mmoja atatoka siku ya nne, mwenzake anapitisha miezi.

Wengi hunaswa siku ya kuripoti kwenye ofisi ya uhamiaji. Kaenda kusaini kama kawaida, jioni simu haipatikani. Msianze kulia msiba. Kwenye vituo vya kizuizi kama Harmondsworth na Brook House simu yenye kamera hairuhusiwi: inawekwa stoo, mtu anapewa kisimu cha vitufe. Tatizo ni kwamba namba zenu nazo zimebaki stoo. Anayeishi bila makaratasi aandike namba tatu kwenye kikaratasi, ya wakili iwemo, akae nacho mfukoni.

Mle ndani kuna mawakili wa zamu, nusu saa bure, mwenye hela na asiye nayo. Ajiandikishe siku ya kwanza. Kama aliwahi kuteswa, amwambie daktari wa kituo na aombe ripoti ya Kanuni ya 35, yaani ya daktari kuhusu mateso hayo. Asione haya, maana asiposema hakuna atakayemuuliza mara mbili.

Sasa dhamana, ambayo ndiyo inawaliza wengi. Aliyetimiza siku 8 tangu aingie nchini anaweza kumwomba jaji kwa fomu B1. Jaji anataka kujua atalala wapi, atatoroka au la, na kama kweli safari ya kurudishwa inakaribia. Mdhamini hatangulizi hela. Anaahidi kiasi, na analipa tu mtu wake akivunja masharti. Kwa hiyo "wakala" anayewapigia mtume dhamana kwa simu ni tapeli. Kinachoharibu kesi ni pupa: ombi likienda bila anwani ya uhakika mara nyingi linakataliwa, na ndani ya siku 28 jingine halisikilizwi mpaka kuwe na jambo jipya la maana.

Waliojilipua, yaani walioomba hifadhi kwa kujidai raia wa nchi nyingine, mara nyingi ndio hukaa zaidi. Ndege inataka hati ya safari, hati hutoka ubalozini, na ubalozi hautoi kwa mtu usiyemtambua. Huku nyuma mtu wenu anasukuma fagio koridoni mwa kituo kwa pauni 1 kwa saa.

Basi akipiga, msimshike na habari za "rudi tu nyumbani, saini yaishe". Mwambieni asome barua ya mwisho aliyopewa, awatajie tarehe iliyoandikwa juu na siku alizopewa za kukata rufaa. Ziandikeni, na wakili azipate siku hiyohiyo.