Shaba si dhana: majibu kwa walimu wa Lubumbashi

Mwezi uliopita niligusia ufundishaji unaoanzia kwenye dhana badala ya orodha ya mambo ya kukariri, na tangu hapo simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali matano. Mengine mengi yalihusu mishahara, na kwa hayo mimi ni muulizaji kama ninyi.

"Nimezoea kufundisha mada: shaba, mvua, uhuru wa nchi. Hiyo dhana ni nini hasa? Naona kama ni mada iliyovalishwa nguo mpya." (Mwalimu wa darasa la 5, Ruashi)

Hapana, Mama Mwalimu. Shaba ni mada: ina mahali pake, ina tarehe zake, unaweza kuionyesha kwenye ramani. Thamani ndiyo dhana, na utaikuta kwenye shaba, kwenye chumvi, kwenye mahari, hata kwenye diploma. Lipime neno lako hivi: ukilitoa Katanga ukalipeleka nchi nyingine na karne nyingine, bado litakuwa na kazi ya kufanya? Likikwama njiani, ni mada.

Ukishapata dhana, tafuta sentensi inayoiunganisha na dhana nyingine, sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. Mfano: "Kitu hupata thamani pale watu wanapokubaliana kukipokea." Mimi naiita kauli. Usiiandike ubaoni asubuhi. Mwanafunzi ndiye anayepaswa kuifikia mwenyewe. Na wala tarehe na majina hayatupwi. Lynn Erickson wa Marekani, ambaye jina lake limeshikamana sana na ufundishaji huu, anataka mambo ya hakika na stadi vibaki, ila dhana iwe upande wa tatu.

"Nina watoto 68, watatu watatu kwenye benchi. Vikundi nitavipanga wapi? Na nianzeje bila kuwaandikia maana?" (Darasa la 6, Katuba)

Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure hapa Kongo mwaka 2019, swali la idadi linakuja kabla ya yote, na sitakudanganya kwamba 68 ni sawa na 30. Lakini benchi ni kundi tayari. Benchi la mbele linageuka, watoto sita wanatazamana. Hakuna meza ya kusogeza.

Kwa kuanza, jaribu mchezo wa "ndiyo na hapana". Jerome Bruner na wenzake walichunguza mwaka 1956 namna mtu anavyoshika dhana kwa kupewa mifano inayoingia na isiyoingia, na kinachohitajika ni chaki tu. Gawa ubao mara mbili. Unaweka mifano mmoja mmoja, watoto wanabuni kinachounganisha upande wa ndiyo.

Niliufanya na darasa la sita, dhana ikiwa fedha, neno lenyewe sikulitamka. Ndiyo: msalaba wa shaba, ule wanaouita kruazeti, uliokuwa fedha ya kale huku kwetu. Hapana: waya wa shaba. Ndiyo: ganda la kauri. Hapana: mkufu wa dhahabu. Mwanzoni walisema "ndiyo ni vitu vya shaba", waya ukawaangusha. Wakasema "ni vitu vya zamani", nikabandika noti ya faranga 500 upande wa ndiyo, kelele. Kisha mtoto mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida huitwa mara tatu ndipo asikie, akasema: "Msalaba haupikiwi, hauliwi. Kazi yake ni kupokelewa tu." Nikataka kufunga somo hapo, nikiwa nimefurahi, lakini msichana akanyoosha mkono. Mama yake anauza unite za simu (muda wa maongezi), na chenji ikikosekana wateja wengine hupewa unite. Je, unite ni ndiyo au hapana?

Darasa likagawanyika katikati. Sikujibu. Dakika kumi zile zilinifundisha kuliko semina nyingi nilizokalia.

Baada ya hapo ndipo nilipoleta historia: kwamba misalaba ya shaba imechimbuliwa kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kandokando ya Ziwa Kisale, kwamba mingine inaonekana kwenye makumbusho ya mji wetu, kwamba sarafu zilizotolewa Katanga mwaka 1961 zilichorwa msalaba huohuo. Waliandika bila kulazimishwa, kwa sababu walikwisha kuwa na swali.

"Prefe (mkuu wa shule) ametuambia tupange masomo pamoja: historia, kemia, Kifaransa. Tumekutana mara mbili, tumeishia kunywa chai na kugawana tarehe za interogasioni (majaribio). Tukose wapi, tupatie wapi?" (Walimu watatu wa sekondari, Kampemba)

Ndugu walimu, mimi nilishawahi kukosea zaidi yenu. Katika shule moja niliyofundisha tuliamua kwamba kwa wiki mbili kila somo lizungumzie maji. Mwalimu wa hesabu akahesabu ndoo, wa dini akaleta gharika, wa Kifaransa akatoa imla juu ya mto. Siku ya tisa mtoto akauliza kama tumemaliza maji. Alikuwa na haki: maji ni mada, na kuirudia mada mara sita hakuigeuzi kuwa dhana.

Kwa hiyo, mkikutana, kwa robo saa ya kwanza vitabu vyote vifungwe. Kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi sentensi moja ambayo angependa mwanafunzi aweze kuitetea mwisho wa mwezi. Zisomwe kwa sauti. Chagueni moja, muikate, muishone upya. Vitabu vifunguliwe baadaye, kila mtu atafute kwenye somo lake kisa kinachoithibitisha, na angalau mmoja wenu atafute kisa kinachoisumbua. Bila kisa cha kusumbua mtakuwa mnahubiri.

Chukueni dhana ya mabadiliko. Mwalimu wa historia ana mji wenyewe: ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Ana na kampuni ya migodi: Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikataifishwa mwanzoni mwa 1967, na baadaye tukaizoea kama Gécamines. Mwalimu wa kemia ana jiwe la malakiti, lile la kijani lenye shaba ndani. Asage kidogo (nje, upepo ukiwa mgongoni, vumbi lile si la kuvuta), alipashe moto kwenye kipande cha bati. Unga wa kijani unageuka mweusi mbele ya macho ya watoto, gesi ya kaboni dioksidi na mvuke wa maji vikitoka. Mweusi ule akiuchanganya na unga wa makala na kuzidisha moto sana, shaba nyekundu inajitokeza.

Halafu swali moja kwa madarasa yote: kati ya mji, kampuni na jiwe, kipi kilibadilika jina tu, na kipi kilibadilika kiini? Jiwe halina ubishi. Mji? Watabishana. Kampuni ndiyo itakayowatoa jasho, maana mashimo yalibaki yaleyale lakini mwenye mali akawa mwingine. Mwalimu wa Kifaransa anapokea ubishi ukiwa bado wa moto na kuugeuza insha ya hoja. Hana haja ya kubuni mada.

Gawaneni pia nani anaanza. Kemia ikitangulia kwa siku mbili, historia inapata mfano wa kuulizia. Mkianza wote Jumatatu mtakanyagana.

"Watoto wanaelewa kwa Kiswahili lakini mtihani ni kwa Kifaransa. Dhana nizifundishe kwa lugha gani?" (Mwalimu wa fizikia, Kamalondo)

Wafikiri kwa lugha wanayoota nayo, kisha uwape neno la Kifaransa kama funguo la mlango ambao tayari wako ndani yake. Lakini angalia mtego mmoja, hasa wewe wa fizikia. Sisi mitaani tunasema "nguvu" kwa vitu vitatu ambavyo Kifaransa kinavitenga: "force", "énergie" na "puissance". Vitabu vya Kiswahili vina "nishati" kwa cha pili, ila sijasikia mtu sokoni akilitumia.

Watenge kwa miili yao. Mvulana mmoja asukume ukuta: anatoka jasho, ukuta haujasogea. Wawili wengine wapandishe ndoo ileile ya lita 20 kwenye ngazi zilezile, mmoja mbio, mwingine polepole. Kazi ya kuinua maji ni ileile. Kilichotofautiana ni muda. Sasa wana mambo matatu tofauti (msukumo, kazi iliyofanyika, na kasi ya kuifanya) na neno moja tu la kuyaitia, na wenyewe watakuomba mengine.

Kisha waigawe karatasi visanduku vinne, neno likiwa katikati: maana kwa maneno yangu, sifa zake, mifano, na vitu vinavyofanana nalo lakini silo. Mpango huu ulitoka kwa Dorothy Frayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1969. Sanduku la nne ndilo utakalosahihisha kwanza; la kwanza wanaweza kunakiliana.

"Inspekta akija atataka fishi ya matayarisho (mpango wa somo) yenye hatua zake. Hii dhana niiweke wapi?" (Direkta wa shule ya msingi, commune ya Kenya)

(Msomaji wa mbali: Kenya hii ni mtaa wetu, si nchi.)

Papa Direkta, fishi haihitaji kubadilishwa. Mchezo wa ndiyo na hapana unaingia kwenye hatua ya motisha. Visa vinaingia kwenye uchambuzi. Kauli inaingia kwenye sintezi (majumuisho), ikiandikwa kwa maneno ya watoto, na hapo ndipo wengi wetu tumekuwa tukinakili muhtasari wa kitabu. Kwenye matumizi leta kisa ambacho hakikuguswa kabisa darasani. Kama somo lilikuwa fedha na mifano ilikuwa msalaba wa shaba na noti, waulize juu ya tiketi ya basi. Anayekariri atanyamaza, anayeelewa ataanza na "inategemea". Na lengo liandikwe kwa kitenzi kinachoonekana, kama zamani: mwanafunzi ataweza kutenga, kulinganisha, kutetea. "Kuelewa" inspekta atakukatia kwa kalamu nyekundu, na kwa hilo mimi niko upande wake.