Barua kwa mwanangu: magunia 10 ya Kongwa

Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama utakuwa umeitupa sayansi ukitoka kwenye hisabati na kwenda kusoma uzamili wa uchumi kilimo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa kuwa wenzako wanasema hiyo ni kazi ya kuhesabu magunia.

Kuhesabu magunia ndiko kulikonishinda mwanzoni. Nilipeleka dodoso langu la kwanza katika kijiji kimoja cha Kongwa, na baba mwenye nyumba, akiwa ameketi chini ya mbuyu, akaniambia wamevuna magunia 10 ya mtama, nikaandika 10. Nilipoingia uani kuaga, mkewe, aliyekuwa akipeta karanga, akaniuliza bila kuinua macho: "Magunia ya kawaida au ya lumbesa, yaliyojazwa kupita mdomo? Na karanga za shamba langu umeziandika?" Sikuwa nimeziandika, kwa sababu dodoso lilimtambua mkuu wa kaya peke yake. Nikavua viatu, tukaanza upya kwa debe na kibaba mpaka mifugo ikarudi.

Kosa la namna hiyo likirudiwa katika kaya 400, hakuna fomula itakayoliponya, na kulitambua kunahitaji mtu anayejua takwimu kwelikweli. Ni Kongwa hiyohiyo ambako Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951: matrekta yalikuwepo, fedha zilikuwepo, ila mvua na ule udongo unaokauka ukawa kama tofali havikuchunguzwa vya kutosha. Esther Duflo, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, yeye na wenzake walifanya kinyume cha hayo magharibi mwa Kenya, wakapima na kuona kwamba wakulima hununua mbolea zaidi wakiuziwa mara tu baada ya mavuno, fedha ikiwa bado mkononi, na kuletewa bila kulipia usafiri.

Sikufichi kitu: katika ofisi niliyoanzia, wanawake tulitumwa vijijini kukusanya takwimu, uchambuzi wakaachiwa wanaume. Stata, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, nilijifunza usiku, nawe ukiwa mgongoni.

Kabla hujajaza fomu, njoo mwezi wa Mei watu wakivuna, twende wote. Uje na mizani ya kuning'iniza. Yangu imekatika ndoano.

Mama yako