Maswali na Majibu: Kwa Nini Mashine ya Umeme Inanitolea Chapati Ngumu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilinunua mashine ya umeme ya kutengenezea chapati, ile yenye sahani mbili za mviringo zilizounganishwa kwa bawaba. Katika tangazo, donge linawekwa, kifuniko kinabanwa, na chapati inatoka nyembamba imefura. Mimi nikiweka donge la chapati zangu za kusukuma, lililokwisha kupakwa mafuta na kuviringishwa, ninapata kitu kinene katikati na kilichochanika pembeni, ambacho baada ya nusu saa huwa kigumu kama biskuti. Mara nyingine mashine hulia “paa!” na mvuke hutoka kwa nguvu. Nimebadilisha unga bila mafanikio. Je, nimeuziwa mashine mbovu? Ningependa kuitumia kuuza chapati mia kila asubuhi. Plagi yake ina pini mbili za duara na ninaichomeka kwa kutumia kijiti. Dada yangu aliyeko Dubai ananishauri niachane nayo, niagize Rotimatic. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo uliyotoa, mashine yako haionekani kuwa mbovu. Inafanya kazi iliyoundiwa, ila unga unaoipa si ule iliyokusudiwa kuupokea. Mashine hizi zilibuniwa kwa ajili ya roti ya Kihindi ya kila siku, ile nyembamba isiyo na tabaka wala mafuta ya kukaangia, ambayo ikifura juu ya moto huitwa phulka. Chapati yetu ya kusukuma, ingawa jina lake ni la Kihindi, kwa namna inavyokunjwa, inavyopakwa mafuta na inavyokaangwa iko karibu zaidi na paratha kuliko roti. Tangazo halikukudanganya kuhusu roti. Lilinyamaza tu kuhusu chapati yako.

Mtu anapobana kifuniko, mashine hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hutandaza donge na papo hapo huanza kuliivisha. Kazi hizo mbili haziwezi kutenganishwa, na sababu yake iko katika ngano yenyewe. Unga wa ngano ukikandwa, protini zake huungana na kuwa gluteni, ambayo huvutika na kisha kujirudisha. Ndiyo maana donge ambalo halijapumzishwa hurudi nyuma kila unapolisukuma. Ukilikandamiza katikati ya sahani mbili za baridi, litatandazika kwa muda ambao umeshikilia mpini, na ukiuachia litajikunyata tena. Joto ndilo linalolizuia kurudi. Wanga wa ngano huanza kunyonya maji na kuvimba karibu na nyuzi joto 60 za Selsiasi, na gluteni hukaza joto likipanda zaidi ya hapo, kwa hiyo ngozi ya juu na ya chini ya donge huganda ndani ya sekunde chache na kulishikilia katika umbo jipya. Faida hiyo, hata hivyo, ndiyo inayokuletea taabu, kwa kuwa donge lina sekunde moja au mbili tu za kutambaa kabla ngozi yake haijaganda. Likiwa gumu, litaganda lingali nene, na hata ukining’inia juu ya mpini hutaongeza kitu isipokuwa kulegeza bawaba.

Niongeze hapa onyo dogo, kwa sababu wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu kibanio cha mkono cha chuma au cha mbao kinachotoka Mexico, ambacho sasa kinauzwa mtandaoni kwa jina la kibanio cha chapati. Kibanio hicho kilitengenezwa kwa ajili ya tortilla za mahindi. Mahindi hayana gluteni ya ngano, kwa hiyo donge lake halijirudishi, na sahani za baridi zinatosha kabisa. Tortilla za ngano za viwandani hukandamizwa kwa sahani za moto, kwa sababu ile ile niliyoeleza juu. Kibanio cha baridi kinaweza kukusaidia kwa puri ndogo za unga mgumu au kwa kusawazisha katlesi, lakini usikinunue kwa matarajio ya chapati.

Sasa nirudi kwenye donge lako lililoviringishwa. Tabaka za chapati ya kusukuma hupatikana kwa sababu mafuta uliyopaka hutenganisha karatasi moja ya unga na nyingine zisishikane tena, kisha mvuke huziinua chapati inapokuwa kwenye chuma cha kupikia. Unapolisukuma donge hilo kwa mti, nguvu inakwenda pande zote polepole, unaligeuza, unalirudia, na mzunguko wote unapungua unene kwa pamoja. Sahani ya moto hailitendei hivyo. Inagandisha karatasi ya juu na ya chini kwanza, huku zile za ndani zingali zinateleza juu ya mafuta, ndipo mzunguko unafunguka pembeni na kuchanika, na katikati unabaki mnene. Mafuta nayo yanakamuliwa nje, yanaingia kwenye mfereji wa bawaba na kuanza kutoa moshi. Hakuna unga utakaotibu tatizo hilo, wa bei yoyote ile. Ukitaka tabaka, sukuma kwa mkono. Hukumu yangu katika hilo haina masharti.

Mlio wa “paa!” una maelezo mafupi. Maji yanapogeuka kuwa mvuke katika nyuzi joto 100, ujazo wake huongezeka takribani mara 1,600. Ukishikilia kifuniko muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mvuke unaofungiwa katikati ya sahani hutafuta njia, na njia iliyo rahisi ni kuichana chapati. Shika mpini ukiwa umesimama upande, si mbele, na usiinamishe uso juu ya mashine, kwani mvuke huo unaunguza vibaya.

Kuhusu ugumu, chukua hesabu ifuatayo. Donge la gramu 60 lililokandwa kwa maji ya kutosha lina takribani gramu 25 za maji. Kuivukiza gramu moja ya maji kunahitaji kama jouli 2,260 za joto, na mashine ya wati 1,000 hutoa jouli 1,000 kila sekunde. Hata tukichukulia kwamba nusu tu ya joto hilo ndiyo inayoingia kwenye unga, sekunde 30 za ziada chini ya kifuniko zinaweza kuondoa zaidi ya gramu 6, yaani robo nzima ya maji yote. Chapati yako iliyokuwa nene ilikuhitaji uiache ndani zaidi ili iive katikati, na kwa kufanya hivyo ukaikausha nje. Kwenye chuma, mafuta unayoyapaka hulainisha uso wake na kuuficha ukavu huo, lakini katika mashine kavu hakuna kinachouficha.

Ili mashine ikupe kile ulichokiona katika tangazo, ubadilishe unga kuwa laini kuliko uliouzoea. Wengi wetu hukanda kilo 1 ya unga kwa nusu lita hivi ya maji na mafuta kidogo. Kwa mashine, unga mweupe wa kawaida unahitaji takribani mililita 650 kwa kilo, na yawe maji ya moto kiasi cha kukufanya uanze kuchanganya kwa mwiko, kwa sababu maji ya moto huvimbisha sehemu ya wanga mapema, unga ukabeba maji mengi bila kunata sana, na gluteni ikapungua ukaidi wake. Unga wa atta, yaani wa ngano isiyokobolewa, hunywa maji zaidi, hadi mililita 700 au kupita kidogo, kwa kuwa una pumba na kwa kuwa usagaji wake wa mawe huvunja chembe nyingi za wanga. Weka chumvi na kijiko kimoja au viwili vya mafuta ndani ya unga, usipake juu. Kanda mpaka uwe laini, ufunike kwa kitambaa kibichi kwa nusu saa, kisha katakata madonge ya gramu 50 hadi 60. Nusu saa hiyo usiipunguze, kwa maana ndiyo inayoifanya gluteni ilegee.

Iache mashine ipate joto mpaka taa yake izimike yenyewe, ishara kwamba kidhibiti joto kimekata umeme na sahani zimefikia joto lake. Bonyeza donge kidogo kwa kiganja, likung’ute unga mkavu, maana unga unaobaki huungua na kuacha madoa machungu, kisha uliweke nyuma kidogo ya katikati, upande wa bawaba. Sahani zinafunga kwa pembe, nyuma zikikutana kwanza, hivyo donge husukumwa kuelekea kwako. Ukiliweka katikati kabisa litatokeza nje mbele. Bana kwa sekunde moja au mbili, si zaidi, na ufungue mara moja. Usiguse kitu mpaka rangi ya juu ibadilike na vipovu vidogo vianze kuonekana, ndipo uigeuze. Upande wa pili nao ukitoa vipovu, igeuze tena na ukishushe kifuniko polepole kikae juu yake bila kukibana. Hapo ndipo inapofura, kwa sharti kwamba haina tundu wala ufa wa kupitisha mvuke. Itoe mara moja, uifunge kwenye kitambaa ndani ya hotpoti, ili mvuke wake mwenyewe uirudishie ulaini. Tumia mwiko wa mbao, kwa sababu sahani hizo kwa kawaida zimepakwa utando wa Teflon au unaofanana nao, ambao chuma huukwangua. Mashine yenye kidhibiti joto kizima haifikii nyuzi joto 260, kiwango ambacho utando huo huanza kuharibika, lakini ukiona taa haizimiki kabisa na sahani zinatoa harufu kali, zima umeme na umpelekee fundi.

Suala la plagi nilitamani ulitaje mwanzoni mwa barua. Soketi zetu za Tanzania, kama zile za Kenya na Uganda, hutumia plagi ya Kiingereza yenye pini tatu bapa na fyuzi ndani yake, na tundu la juu ni la waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Kijiti unachokichomeka katika tundu hilo hufungua vizuizi vilivyowekwa kwa usalama, kisha pini za duara zinakaa bila kushika sawasawa. Kwa kifaa kinachovuta wati 1,000 kwa mfululizo, mshiko hafifu maana yake ni joto kwenye soketi, na soketi nyingi zilizoyeyuka ambazo nimeziona zilianza hivyo. Jambo lililo zito zaidi ni ethi yenyewe. Mashine yenye mwili wa chuma inayoshikwa kwa mikono yenye maji haipaswi kufanya kazi bila ethi. Mwombe fundi umeme aukague waya: ukiwa na nyaya tatu ndani, akuwekee plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, ukiwa na nyaya mbili tu na mashine haina alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayoonyesha kuwa ina kinga maradufu, irudishe dukani. Hilo ndilo kosa pekee ambalo lingenifanya niiite mashine yako mbovu. Hakikisha pia kwamba kibandiko chake kinasema volti 220 hadi 240, kwa kuwa vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na vitaungua hapa.

Kwa biashara ya chapati mia sikushauri uitegemee. Kila chapati huchukua dakika moja na nusu hivi, maana yake ni 40 kwa saa ikiwa hupumziki, na mia kwa saa mbili na nusu ukiwa umesimama mbele ya sahani moja. Umeme si tatizo, kwani hata mashine ingewaka muda wote huo ingetumia uniti 2.5 za LUKU, na kwa kweli itatumia pungufu kwa kuwa kidhibiti joto hukata na kurudisha. Tatizo ni muda, na pia wateja wa asubuhi wanaonunua chapati ya tabaka hawataipokea roti kavu kwa bei ile ile.

Ushauri wa dada yako hauko mbali na tatizo hilo hilo. Rotimatic ni mashine iliyoanzishwa na kampuni ya Zimplistic ya Singapore, iliyobuniwa na mhandisi Pranoti Nagarkar. Unajaza unga, maji na mafuta katika vyumba vyake, nayo inakanda, inatengeneza donge, inatandaza na kuivisha bila mkono wako. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima, lakini ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa karibu dola 1,000, inatoa roti moja moja, nayo haitengenezi tabaka za kukunjwa na kuviringishwa. Kwa fedha hizo utapata jiko zuri la gesi, vyuma viwili vizito na mshahara wa msaidizi wa kusukuma kwa miezi kadhaa.

Mashine uliyo nayo ina kazi nyingine ambayo huenda hukuifikiria: manda za sambusa. Sukuma karatasi zako zilizopakwa mafuta na kupangwa moja juu ya nyingine kama kawaida, zipunguze zienee kwenye sahani, kisha uziweke kifuniko kikiwa wazi, sekunde chache kila upande mpaka zikauke bila kupata rangi, na uzibandue zingali za moto. Sahani yake hupata joto lililo sawa kuliko chuma kilicho juu ya moto wa mkaa, kwa hiyo manda hazipati madoa yanayozifanya zikatike wakati wa kukunja.