Ukumbi wa Sherehe Ukifunguliwa Ubavuni mwa Nyumba Yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Goba aliniandikia saa nane usiku. "Dada, nyuma ya ukuta wetu wamefungua ukumbi. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, Jumapili kipaimara. Magari yamepakiwa mpaka getini kwetu, watoto hawalali. Mume wangu anataka kwenda kuzima jenereta lao. Tufanyeje?"

Nilimjibu palepale: mzuie mumeo asitoke. Mengine nikamwambia nitayaandika hapa, maana ujumbe wa aina hiyo si wa kwanza kunifikia, na jambo lenyewe nimelipitia mimi mwenyewe kwa miaka miwili.

Nimezaliwa Sinza, hapa Dar es Salaam. Baba alipata kiwanja chake miaka ya sabini, serikali ilipopima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mradi uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Vilikuwa viwanja vidogo vya watu wa kipato kidogo, na barabara za ndani zilikatwa za kumtosha mtu wa miguu, baiskeli na gari moja moja. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja nyumba moja itakuwa na IST mbili na Noah, sembuse ukumbi wa kuchukua watu mia nne. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wengi hudhani ugomvi wa kupaki unaletwa na wageni wasio na adabu. Wapo wasio na adabu, ndiyo, lakini mtaa wenyewe haukupimwa kwa ajili ya msafara wa harusi wenye Coaster tatu na matarumbeta juu ya pikapu.

Ukumbi wa kwetu ulifunguliwa kwenye kiwanja kilichokuwa gereji. Nafasi ya kupaki ndani ya uzio ni magari kumi na tano. Wageni mia nne. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza, na bado walioidhinisha waliidhinisha.

Miezi ya kwanza tulivumilia. Mambo ya mtaani, tukasema, na harusi ni heri. Halafu ukaja usiku wa mama.

Mama yangu ana kisukari. Jumamosi hiyo, saa tano na nusu usiku, sukari yake ilishuka akawa anatetemeka na maneno hayaeleweki. Nikamlambisha asali, nikakimbilia gari. Nafungua geti, kuna Alphard nyeusi imelala mlangoni pangu kama imejengewa pale. Nikaenda mbio ukumbini. Mlinzi akanipeleka kwa emsii, emsii akatangaza namba ya gari, lakini didjei hakushusha muziki. Akatangaza tena. Watu walikuwa wanacheza wakielekea kumtunza bibi harusi, nani angesikia? Bajaji niliyoita ilishindwa kuingia, kwa sababu magari yalikuwa yamepakiwa pande zote mbili za barabara. Mwishowe vijana wawili wa jikoni pale ukumbini, wakiwa na aproni zao, walimbeba mama mikononi mpaka barabara ya Shekilango. Vijana wale siwajui majina hadi leo, na kila nikiwaombea naomba kwa sura tu.

Mama alipona. Daktari alisema tungechelewa zaidi kidogo tungekuwa na maneno mengine.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoionea aibu. Jumamosi iliyofuata, saa nne usiku, nilitoka na njiti ya kiberiti nikatoa upepo magari matatu yaliyokuwa mbele ya geti langu. Matairi yote. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini moyoni nilijisikia ninatenda haki. Saa saba usiku nikachungulia dirishani, nikamwona mama mmoja wa makamo ameketi kwenye kingo ya mtaro na watoto wawili wamelala mapajani pake, viatu vyake vya sherehe mkononi. Alikuwa ametoka Kibaha. Gari lilikuwa la kuazima. Hakuwa na habari yoyote ya Alphard wala ya mama yangu.

Mlinzi aliniona. Jumatatu niliitwa ofisi ya serikali ya mtaa, na sikuitwa kama mlalamikaji. Nililipa usumbufu wa yule mama, nikaandika maelezo, nikasaini. Tangu siku hiyo, kwa miezi sita, kila nilipofungua mdomo kuhusu ukumbi niliambiwa, "Wewe si ndiye wa matairi?" Kwa hiyo dada wa Goba, mume wako akizima lile jenereta leo, kesho kesi itakuwa ya jenereta. Ya kelele itasahaulika.

Niliponyamaza ndipo nilipojifunza. Nilinunua daftari la kurasa 96. Kila wikendi niliandika: tarehe, sherehe ya aina gani, muziki umeanza saa ngapi, umezimwa saa ngapi, geti la nani limezibwa na kwa muda gani. Nilipiga picha za magari, si za watu. Sikuandika matusi wala maoni. Nakuomba sana, anza na daftari. Maofisini lilinisaidia kuliko machozi yangu yote, na nililia mara nyingi.

Pili, mwenye ukumbi mwone mchana, siku ya katikati ya wiki. Usimfuate usiku wa sherehe, maana usiku ule, hata ukimkuta, yupo kazini, ana wateja, ana bosi wa kamati anayemdai huduma. Mimi nilimwona Jumanne asubuhi. Kumbe haishi Sinza, na usiku wa Jumamosi huwa amelala kwake salama. Alinikaribisha chai. Alinionyesha leseni ya biashara na risiti zake, akaniambia ana mkopo. Nikamfungulia daftari. Alisoma kurasa nne bila kusema neno.

Sisemi alibadilika siku hiyo. Hakubadilika.

Jambo la tatu ndilo lililonigharimu zaidi: usiende peke yako. Nilizunguka nyumba ishirini na tatu na barua, nikapata saini kumi na moja. Siku ya kikao mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, watatu walikuwa wamezifuta saini zao. Mmoja alikuwa anauza maji na soda kwa madereva wanaosubiri. Mwingine alikuwa ameshaanza kulaza magari uani kwake kwa shilingi elfu mbili kila gari. Huyo tulikua naye, tulicheza rede pamoja, na mama alimlea kama wake. Nasema kweli, bado nalibeba. Salamu tunapeana, ila sijaingia kwake tena.

Tulibaki wanane, na wanane walitosha.

Kuhusu sheria, jua hivi. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kwa eneo la makazi, kiwango cha juu ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 mchana na 35 usiku. Mwenye ukumbi alitujibu kikaoni kwamba Sinza ni makazi yaliyochanganyika na biashara, na hapo alikuwa na hoja, kwa sababu eneo la namna hiyo huruhusiwa 55 mchana na 45 usiku. Jiandae na jibu hilo. Sisi tulimwambia, haya, tukubali 45. Programu ya simu yangu ilikuwa inasoma 78 nikiwa nimesimama chumbani kwa mama. Kipimo cha simu si ushahidi wa kisheria, usikitegemee, ila kinakupa ujasiri wa kuomba wataalamu wa kupima kelele waje na kipimo chao.

Kuwaleta wataalamu hao kulichukua muda. Ofisi moja nilikwenda mara tatu nikiambiwa mhusika yuko nje ya kituo. Mara ya nne nilikwenda na barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa, saini zetu nane na nakala ya kurasa za daftari, nikaomba wanigongee "imepokelewa" kwenye nakala yangu. Wakagonga. Wakaja Jumamosi, saa tano usiku, wakapima wenyewe. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Barua iliyogongwa ina tarehe, na mtu anaweza kuulizwa.

Baada ya vipimo hivyo, makubaliano tuliyofikia na mwenye ukumbi ni haya: spika zisielekee upande wa nyumba, milango ya nyuma ifungwe ikifika saa nne, muziki uzimwe saa sita kamili. Ukumbi ukodi kiwanja cha wazi kilicho karibu na barabara kubwa kwa ajili ya magari. Vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa wasimame mtaani kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mbele ya kila geti lipakwe rangi nyekundu. Na kila nyumba iwe na namba ya simu ya msimamizi wa zamu, ambaye ana mamlaka ya kumwambia didjei ashushe muziki ili tangazo lisikike. Hilo la mwisho nililidai mimi. Nilisema sitasaini bila hilo.

Nina neno pia kwa sisi tunaochanga. Kumbi hizi zimejengwa kwa michango yetu. Sote tumo kwenye makundi ya harusi, tunatoa ahadi, tunakimbizana na mweka hazina. Katika vikao vya kamati tunajadili keki, mapambo na rangi ya sare mpaka usiku, lakini sijawahi kusikia mjumbe akiuliza magari yatapakiwa wapi, au nyuma ya ukumbi anaishi nani. Uliza. Ukiwa kwenye kamati mwezi huu, uliza hilo kabla malipo ya awali hayajatolewa. Na ukifika ukumbini ukaona geti, hata kama limefungwa, hata kama limeota kutu, usipaki hapo. Ndani kuna mtu. Tuwafundishe hivyo na wanetu wanaojifunza udereva.

Dada wa Goba, nakala ya barua yetu nitakutumia ukiitaka, ubadilishe majina ya mtaa tu. Anza daftari wikendi hii, na Jumanne mwende wewe na mumeo pamoja, mkiwa mmeshakula na mmetulia.

Kwetu sasa ni mwezi wa saba tangu makubaliano. Wamevunja mara mbili, na mara zote mbili nilipiga ile namba na muziki ukashushwa. Mama bado analala chumba cha nyuma. Nimemwambia mara nyingi kule mbele kumetulia, kitanda chake nimekitandika. Ananiambia tungoje Desemba ipite.