Mdogo hajui kitu? Anajua sana

Mnaosema mtoto mdogo hapati stresi ya mzazi wake, si kweli dada, hata asiyeanza kusema inampata. 2014 watafiti wa chuo kikuu cha California kule San Francisco waliwatenga kina mama na watoto wao wa mwaka mmoja hivi, baadhi ya hao mama wakatolewa mbele ya watu waliowakunjia uso wakaambiwa wahutubie, kisha wakarejeshewa watoto, basi wale watoto walipopimwa moyo ukaonyesha stresi kama ile ya mama na hakuna aliyewaambia neno.

Na msiseme ni damu ya ukoo tu. 2015 mtafiti wa saikolojia Thalia Eley na wenzake waliangalia wazazi mapacha wa Uswidi na watoto wao, wakaona wasiwasi unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto hata ukishaondoa upande wa kurithi. Mtoto anakusoma uso bwana, kila simu ya mwenye nyumba ikilia wewe unashtuka, naye anajifunza simu ni ya kuogopwa.

Ila si kila mwenye mzazi wa stresi atakuwa na wasiwasi, na inakwenda pande mbili, mtoto muoga naye anamchosha mzazi. Halafu mama asibebeshwe lawama peke yake, baba anayeingia ndani kanuna mpaka isha naye yumo (wengi humu mnajijua 😅).

Mtoto akiwa anaumwa na tumbo kila asubuhi ya skuli na siku za mapumziko mzima wa afya, huenda ni wasiwasi huo, mpelekeni kituo cha afya mukaulize kabla hamjasema ni jicho la hasidi.